Fungua Gamba Uone Jino

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na ninyi wakusanyaji wa magamba mliokuja na makasha yenu kwapani, asanteni kwa kunikaribisha.

Gamba lililo hapa mezani limeshapita mikononi mwa karibu kila mtu tangu mlipoingia, na nimewasikia mkilisifu. Mna haki. Ni jeusi, limetapakaa madoa meupe ya pembetatu, na umbo lake ni la pia wanayochezea watoto: pana juu, jembamba chini. Huyu ni konokono wa baharini aitwaye Conus marmoreus. Linnaeus, mwanasayansi Mswidi aliyevipa viumbe majina ya kisayansi, alimpa jina hilo mwaka 1758, na hadi leo ndiye spishi ya mfano ambayo jenasi nzima ya Conus, yaani kundi la spishi ndugu, imeegemea. Zaidi ya miaka mia moja kabla ya Linnaeus, mwaka 1650, mchoraji Rembrandt alikuwa na gamba kama hili mbele yake, akalichonga kwenye bamba la shaba. Alichonga kama alivyoliona. Karatasi ilipogandamizwa juu ya bamba, picha ikageuka kama kwenye kioo, na gamba likatoka likizunguka upande usio wake. Sahihi yake alikumbuka kuiandika kinyume, ndiyo maana inasomeka. Shikeni gamba hili kilele kikiwa juu na mdomo ukiwaelekea: mdomo uko kulia. Kwa gamba la Rembrandt ungekuwa kushoto.

Rembrandt, mtu mwenye jicho kali kuliko sisi sote hapa, alihesabu kila doa, na upande wa kuzunguka haukumshughulisha. Kwake lilikuwa pambo zuri, na pambo halina kulia wala kushoto. Sisi tunaowaainisha konokono tumefanya kosa la namna hiyo, tena kwa muda mrefu zaidi. Tumehesabu nyumba, tukazipa majina, tukazipanga mitaa na mitaa, bila kubisha hodi tumwone mwenye nyumba.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa konokono hawa, ambao leo nitawaita koni, mambo ni kinyume kabisa. Nje kwao kuzuri, na ndani kunazidi.

Basi tubishe hodi.

Konokono wa baharini ni moluska wa ngeli ya Gastropoda, ndugu wa mbali wa chaza na pweza. Angali kiluwiluwi kinachoelea majini, viungo vyake vya ndani huzunguka nyuzi 180, kiasi kwamba njia ya haja, iliyokuwa nyuma, huja kukaa juu ya kichwa. Mwili wake wote baadaye umejengwa kwa kuishi na mpindo huo. Viungo hivyo vimefunikwa na ngozi laini tunayoiita joho, na ukingo wa joho ndio fundi wa gamba: hutandika chokaa, hutia rangi, husogea, hutandika tena. Fundi huyu hujenga mdomoni tu. Ndiyo sababu kilele cha gamba ni utoto wa konokono, umehifadhiwa pale juu. Chukua kioo cha kukuzia, tafuta kilele ambacho hakijalika na mchanga, utaiona mizunguko midogo laini ya gamba la awali kabisa. Ikiwa mingi na myembamba, kiluwiluwi kilielea na kujilisha baharini kwa muda. Ikiwa michache na minene, mtoto alitoka kwenye yai akiwa karibu tayari kutambaa. Wakusanyaji wengi husugua kilele mpaka king'ae. Nawasihi msikisugue. Mnafuta cheti cha kuzaliwa.

Niliwahi kulikata gamba la koni katikati kwa msumeno mwembamba, toka kilele hadi ncha ya chini. Ukuta wa nje ulikuwa mnene, msumeno ukapata taabu na mkono wangu ukachoka. Nilipofika ndani, ghafla upinzani ukaisha. Kuta za mizunguko ya zamani zilikuwa nyembamba kama karatasi. Nilipoinua nusu moja mbele ya taa, mwanga ulipenya. Koni huyeyusha kuta zake za ndani kadiri anavyokua ili apate nafasi ya mwili, huku akiunenepesha ukuta wa nje unaomkinga na kaa na samaki. Kwa kulitazama gamba kwa nje tu, hata ungelitazama mwaka mzima, jambo hilo usingelijua.

Sasa mwenye nyumba mwenyewe. Mbele hutokeza mrija wa kuvutia maji, mara nyingi una mistari ya rangi, nao huyumbayumba kama mtu anayesikiliza upande huu na upande ule. Maji yanayoingia hupita kwenye kiungo cha kunusa, osfradiamu, na kwenye matamvua anayopumulia. Macho anayo, madogo, juu ya vishina viwili, lakini windo lake hulinusa kabla ya kitu kingine chochote. Nyuma ya mguu kuna kifuniko. Kwa konokono wengi hicho hufunga mlango barabara, kwa koni ni kidogo kama kucha na hakizibi kitu. Chini ya mrija wa maji kuna pua pana inayoweza kufunguka kama mdomo wa gunia, na ndani yake umejificha mkonga.

Hapo kwenye mkonga ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo mnivumilie nikikaa.

Konokono wengi wana radula, ulimi wenye safu na safu za meno madogo. Hufanya kazi kama tupa ya fundi: konokono anayekula mwani hulikwangua jiwe nayo. Koni hawana tupa. Kwao kila jino limeachwa peke yake, limerefuka, na limekuwa kipande cha kitini, dutu ngumu kama ya ganda la mdudu, kilichovingirishwa mpaka kikawa mrija, wenye ndoano kwenye ncha. Hilo ni chusa, la kutupa na kunasa kama lile la wavuvi, tena lenye tundu la kupitishia sumu. Meno hukaa kwenye mfuko wake, machanga upande mmoja, yaliyokomaa upande mwingine, tayari kwa zamu. Kando ya mfuko iko tezi ya sumu, mrija mwembamba uliojikunjakunja ambao ukiunyoosha ni mrefu kuliko mwili wa konokono mara kadhaa, na mwishoni mwa mrija kuna kibofu cha misuli cha kuisukuma sumu. Koni akinusa windo, jino moja hupelekwa hadi ncha ya mkonga, likashikwa pale. Mkonga hunyooka taratibu, bila haraka yoyote, mpaka uguse ngozi. Kisha jino hufyatuka. Kwa koni wanaowinda samaki, mfyatuko huo umepimwa na kuonekana unachukua chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mnyama ambaye angehitaji muda mrefu kuvuka meza hii ana mojawapo ya mapigo ya kasi kabisa baharini. Jino likishatumika halirudi mfukoni. Windo linalofuata litapata jino jipya.

Wanafunzi huniuliza meno haya hupatikanaje. Unautoa mfuko wa radula kwenye mwili, unauweka kwenye kibakuli cha kioo, unautonea matone machache ya klorini ile ya kufulia nguo nyeupe. Nyama huyeyuka polepole, kitini haiyeyuki. Unasuuza kwa maji safi mara tatu, mara nne, kwa uangalifu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliona bakuli tupu, nikawa karibu kuyamwaga maji. Nilipoliinamisha kuelekea dirishani, vikaonekana vitu kama nywele fupi za kioo vimelala chini, vikiangaza. Niliweka kimoja chini ya hadubini. Kulikuwa na ndoano, ikielekea nyuma, nyuma yake makali kama wembe, kisha safu ya meno ya msumeno ikipanda pembeni, na ule mkunjo wa kitini ulioacha mstari mmoja kutoka shina hadi ncha. Nilikaa nalo jioni nzima.

Na jino husema mnyama anakula nini. Koni wengi hula minyoo wa baharini, nao meno yao kwa kawaida ni mafupi na manene. Wanaowinda samaki wana meno marefu yenye ndoano za kutosha kumshikilia samaki anayerusharusha mkia. Konokono haachilii shina la jino, hivyo samaki amefungwa kama kwenye mshipi. Jino la mmoja wao, Conus geographus, hufikia karibu sentimita moja. Kundi la tatu hula konokono wenzao, na hao humchoma windo jino moja baada ya jingine.

Lazima niseme neno la tahadhari, maana najua baadhi yenu huingia majini. Rumphius, mtaalamu wa viumbe aliyeishi Ambon, katika Indonesia ya leo, aliacha maelezo yaliyochapishwa mwaka 1705 kuhusu mwanamke mtumwa huko Banda aliyeokota koni hai akamshika mkononi, akahisi kuwashwa kidogo tu, akafa. Conus geographus ameua watu tangu hapo pia, na dawa ya kuipinga sumu yake haipo. Watu hudanganyana kwamba ukimshika upande mpana uko salama. Si kweli. Mkonga hunyumbulika na kulifikia gamba karibu lote. Koni aliye hai msimshike kwa mkono, basi.

Sumu hiyo hiyo imewapa watu nafuu. Baldomero Olivera, mwanasayansi Mfilipino, alianza kuichunguza nyumbani kwao kisha akaendelea katika Chuo Kikuu cha Utah. Yeye na wanafunzi wake waligundua kwamba sumu ya spishi moja ni mchanganyiko wa peptidi, yaani protini ndogo, nyingi sana, kila moja ikilenga mlango wake katika neva. Peptidi moja ya Conus magus, yenye asidi amino 25, huziba mlango wa kalisiamu unaopitisha ujumbe wa maumivu. Ilitengenezwa maabara, ikaitwa zikonotidi, na mwaka 2004 ikaidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wenye maumivu makali yasiyosikia dawa nyingine. Hutiwa moja kwa moja kwenye majimaji ya uti wa mgongo. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba Conus geographus anaingiza kwenye sumu yake insulini inayofanana na ya samaki. Sukari ya samaki inashuka, analegea, na ile pua pana inamfunika.

Haya yote yamo ndani ya gamba. Na sasa niwaulize: majina tuliyapataje?

Kwa sehemu kubwa, tuliyapata kwa magamba matupu yaliyoletwa na mabaharia. Kulikuwa na waliojaribu kutazama ndani. Mwaka 1848 Henri Milne-Edwards aliwagawa konokono kwa mahali matamvua yalipo, mbele ya moyo au nyuma yake, na mgawanyo huo ukafundishwa zaidi ya karne moja. Leo umewekwa kando, na sitakaa hapo. Tuje kwa koni na jamaa zao, wale wa oda ya Neogastropoda tunaowakusanya chini ya jina Conoidea. Kwa muda mrefu waliwekwa katika familia tatu. Wenye umbo la pia wakawa Conidae. Wenye gamba refu jembamba kama sindano ya kushonea magunia wakawa Terebridae. Waliobaki, wenye mwanya kwenye ukingo wa mdomo wa gamba, wakatiwa wote Turridae.

Turridae likawa kapu. Kila aliyepata kagamba kenye mwanya alikatupia humo na kwenda zake. Maelfu ya spishi zikalundikana, nyingine hazina undugu wa karibu hata kidogo, zikiunganishwa na mwanya mmoja tu kwenye ukingo. Mwaka 1993 John Taylor, Yuri Kantor na Alexander Sysoev walilimwaga kapu hilo mezani. Walikata pua, mikonga, mifuko ya radula na tezi za sumu za spishi moja baada ya nyingine, wakapanga upya kwa kufuata walichokiona ndani. Wengi waliokuwa Turridae wakahamia kwa koni. Ilikuwa kazi ya wembe na hadubini, ya miaka, na naiheshimu kuliko ninavyoweza kueleza. Kisha ikaja DNA. Mwaka 2011 Philippe Bouchet na wenzake, wakiwemo Kantor na Sysoev wale wale, walichapisha mpango mpya wa Conoidea wenye familia 15.

Labda mnadhani sasa nitasema jino limeshinda, gamba limeshindwa. Ningependa kusema hivyo, maana jino ndilo penzi langu, lakini ningewadanganya.

Chukueni Terebridae. Wako kati yao wenye chusa na tezi ya sumu, na wako wasio na tezi wala jino. Kwa sababu ya tofauti hizo za kinywa, baadhi yao walitengwa wakapewa familia yao, Pervicaciidae. Ilionekana sawa kabisa. Mwaka 2009 uchunguzi wa DNA ukaonyesha kwamba hao waliotengwa wamezaliwa katikati ya Terebridae wenzao. Vyombo vya sumu vilipotea zaidi ya mara moja, katika matawi tofauti ya ukoo mmoja. Hapo gamba lile la sindano lilikuwa likisema kweli, na kinywa ndicho kilichotupoteza.

Au mchukueni Conus magus, yule wa dawa. Akiwa mtu mzima ni mwindaji wa samaki, na jino lake ni la samaki. Akiwa mdogo hula minyoo, na jino lake ni la umbo jingine. Mnyama mmoja, meno mawili ya namna mbili. Mtu angeletewa meno hayo bila magamba yake, angeandika majina mawili kwa moyo mkunjufu.

Kwa hiyo ninachowaomba si mhame kutoka gamba kwenda kwenye jino. Nawaomba mumtazame mnyama mzima, gamba lake, jino lake, sumu yake, anachokula, na DNA yake, na pale ushahidi unapogombana, msiamue haraka.

Ugomvi wa karibuni ni wa jenasi. Mwaka 2009 wataalamu wawili wa koni, Tucker na Tenorio, walitoa mpango uliowagawa koni katika jenasi 82, wakitumia magamba na meno. Mwaka 2014 Nicolas Puillandre na wenzake walipima DNA ya spishi 320 kati ya 761 zilizokubaliwa wakati huo, wakakuta matawi makubwa manne tu, na tawi moja likabeba sehemu kubwa mno ya spishi zote. Wakapendekeza jenasi nne, Conus, Conasprella, Profundiconus na Californiconus, na mengi ya majina ya akina Tucker wakayashusha yawe jenasi ndogo. Nyingine chache zimeongezwa baadaye. Mimi niko upande wa jenasi chache. Jina la kisayansi ni la kutumiwa na watu wengi: mwanakemia, daktari, mtunza makumbusho, mzamiaji. Ukilivunja Conus vipande themanini, mtu anayetafuta habari za sumu atapotea njiani, na wala undugu hatauona vizuri zaidi. Kazi ya Tucker na Tenorio haikupotea, maana makundi yao mengi yalithibitishwa na DNA kuwa ni ya kweli. Kilichobadilika ni daraja.

Katika zile nne, Californiconus ina mkazi mmoja pekee, Californiconus californicus. Ni gamba dogo la kahawia, halina doa wala mchoro wa kukumbukwa, na kwenye makasha mengi limewekwa nyuma. Lakini mnyama huyu, anayeishi katika maji ya baridi ya pwani ya California, hula minyoo, hula konokono, hula samaki, hula kamba, wakati jamaa zake huchagua chakula kimoja. Tawi lake lilijitenga zamani mno. Kwa miaka mingi aliandikwa Conus kama wengine, kwa kuwa gamba lake ni la pia.

Wakusanyaji, nina ombi kwenu, na ndilo lililonileta. Magamba yenye nyama ndani ni adimu kwenye makumbusho, na spishi nyingi tunazijua kwa gamba lililosombwa na mawimbi tu. Panapoandaliwa safari yenye kibali cha kukusanya, peleka chupa ya spiriti kali. Mmoja atosha kwa kila spishi. Hakikisha spiriti inamfikia ndani, maana gamba huizuia na nyama ikioza DNA imekwenda. Wengine hutoboa tundu dogo, nami naona ni heri tundu kuliko gamba zima lisilosema kitu. Andika mahali, kina, tarehe, na kama alikuwa mchangani, chini ya jiwe au kwenye matumbawe. Andika kwa penseli, kwenye karatasi nzito, uiweke ndani ya chupa. Wino huyeyuka kwenye spiriti. Nimewahi kufungua chupa yenye karatasi nyeupe tupu, na konokono aliyekuwemo hadi leo hana kwao.

Pale dirishani nimeweka hadubini, na chini yake lipo jino la huyu Conus marmoreus ambaye gamba lake mmelishika. Yeye hula konokono wenzake. Geuzeni kile kirungu cha kulia polepole mpaka ndoano iwe wazi, kisha shukeni nalo kuelekea kwenye shina. Tuanze na wanafunzi.